Nilificha randa kwenye sivii, ndege ya mbao ikaniumbua

Kuna kijana wa Mbagala kanitumia meseji baada ya kuona picha yangu na ovaroli mpya, anauliza "bro umepenyaje kwenye ndege na wewe ulikuwa fundi makabati?" Nimecheka, alafu ikanichoma kidogo, maana hilo swali ndo nililokuwa nalikimbia miaka yote. Ngoja nijibu hapa hapa, najua mko wengi mnaotaka kuigusa ndege sio kuipanda tu.

Mimi ni mtoto wa Keko. Kibanda cha mzee, vumbi la mbao mpaka kwenye chai, randa nimeishika kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Nilivyofika Uingereza nikapanga chumba Luton, ndege zinapita juu ya paa asubuhi mpaka usiku, nikasema riziki yangu iko hapa. Nikaanza kuomba kazi na kwenye sivii nikafuta useremala wote, nikaandika huduma kwa wateja sijui na nini, niliona aibu tu. Kampuni moja ya matengenezo ya ndege (jina naliacha) imenikataa mara nne. Mara ya nne dada wa usaili akaniuliza, umewahi kutengeneza kitu chochote kwa mikono yako? Nikajibu hapana. HAPANA, mimi! Mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto.

Miezi ya hasira naruka, haina faida kwa mtu.

Jumapili moja jamaa yangu akaniburuza kwenye makumbusho ya de Havilland, kampuni ya zamani ya kuunda ndege, pale London Colney, karibu na St Albans. Ni padogo, unaingia kama unaenda shambani kwa mtu, kuna nyumba ya kale inaitwa Salisbury Hall na mabanda ya ndege pembeni. Pamefunguliwa 1959 na kilichoanzisha yote ni ndege moja, Mosquito, yaani Mbu. Walianza kuichora kwenye nyumba hiyo hiyo 1939, vita imeanza, aluminiamu inagombaniwa lakini mafundi fenicha wapo, basi wakaunda ndege ya kivita ya MBAO. Ikaruka 25 Novemba 1940 na ikawa inaziacha ndege nyingi za vita za wakati ule. Ile ile ya kwanza kabisa ipo pale, tumbo la njano, ilikuwa ichomwe moto, aliyenunua nyumba, Walter Goldsmith, ndo akaiokoa.

Sasa mimi nikainama kusoma ilivyotengenezwa. Plaiwudi nyembamba nje, plaiwudi nyembamba ndani, katikati balsa, mbao nyepesi kama boya, vyote vimegandishwa kwa gundi. Mwili umeundwa vipande viwili, kushoto na kulia kama ganda la karanga, wanapachika nyaya na mabomba ndani ndo wanafunga. Nikasema hii si kazi yetu hii? Nikasimama pale kama nimepigwa shoti, jamaa yangu anataka twende tukale.

Nikaomba kujitolea wiki hiyo hiyo na safari hii nikaandika FUNDI MBAO juu kabisa. Wakanipeleka kwenye Dragon Rapide inayotengenezwa upya, ndege ya mbao na kitambaa, injini mbili. Na Rapide sio ngeni kwetu, East African Airways ilianza 1946 na sita za aina hiyo. (Pale pale kuna mwili wa Comet toleo la kwanza, familia ya ile jeti iliyoanza kubeba abiria 2 Mei 1952 London mpaka Johannesburg ikipitia Entebbe. Wazee wa Entebbe walikuwa na safari za jeti ya abiria wakati New York bado.)

Nikajiona mfalme. Siku ya tatu kiungo kimoja kwenye ubavu wa bawa kikabaki na mwanya, nikafanya dawa yetu ya Keko, unga wa mbao na gundi, sindilia, piga msasa, hutaona kitu. Mzee mmoja mstaafu akakishika, akakitazama, akakivunja mbele yangu bila kusema neno. Alafu akanionyesha: kila wakigandisha kiungo wanagandisha na kipande cha majaribio kwa gundi ile ile, kikikauka wanakivunja, ikichanika mbao gundi ni nzima, ikiachia gundi unaanza upya. Kabati likiachia utaokota nguo, alisema, hapa utaokota watu. Niliumia ile siku, sitadanganya. Lakini nilirudi.

Mwezi uliopita nimeenda usaili kampuni nyingine, karakana ya kutengeneza paneli za ndani ya ndege. Wakaniwekea mezani kipande cha sakafu, ngozi ngumu juu na chini, katikati sega kama la nyuki, wakauliza unajua hiki? Nikawaambia hiki ni Mosquito, mmebadilisha nyama ya katikati tu. Nikawasimulia na kiungo changu kilichovunjwa. Barua imekuja baada ya siku sita na ndo hiyo ovaroli mliyoiona.

Kwa hiyo ndugu zangu, andikeni kazi ya mikono yenu. Umechomelea mageti, andika. Umeshona viti vya daladala, andika, usijifanye mtu wa ofisini wakati vidole vina sugu. Na nenda ukajitolee sehemu ndogo ambako hata ufagio utapewa na ndege utaigusa, sio kushinda unaangalia video za marubani alafu unalalamika ndugu hawakushiki mkono. Andika kazi yako, narudia. Na ukivunjiwa kiungo usinune ukaondoka, wangapi wameondoka!

We wa Mbagala, umesema umemaliza kabati la milango mitatu. Nitumie picha, ila sitaki ya mbele, vuta droo nione kona zake.