Kufufua Honda C70 ya Zamani: Maswali na Majibu

Barua nyingi za safari hii zimehusu Honda C70 za volti 6: injini ya kulala, silinda yenye kipenyo cha milimita 47, ujazo wa 72 cc. Vipimo vilivyomo humu ni vya injini hiyo. Mwenye C50 au C90 atazame kwanza kitabu cha pikipiki yake.

Nimenunua C70 iliyokaa stoo zaidi ya miaka kumi. Kiki haishuki kabisa. Nifungue injini yote? (Tanga)

Bado. Mara nyingi kinachokwama ni ringi za pistoni, zimeshikana na silinda kwa kutu. Ukiilazimisha kiki utavunja ringi au meno ya shafti ya kiki, na hapo kazi ya siku tatu inakuwa ya miezi. Toa plagi, mimina vijiko viwili vya mafuta ya giaboksi ya otomatiki, au dizeli na oili nusu kwa nusu. Kisha inua gurudumu la mbele juu ya tofali mbili tatu. Silinda imelala, kwa hiyo bila kuinua mbele mafuta yatabaki upande wa plagi na ringi zitakaa kavu.

Baada ya siku tatu fungua kifuniko cha kushoto, weka spana ya boksi kwenye nati ya magneti (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme), utikise kidogo kidogo huku na huku. Ikiachia, usiiwashe siku hiyo. Mwaga oili ya zamani, weka mpya, na zungusha kwa mkono huku plagi ikiwa nje. Ikigoma baada ya wiki nzima, ndipo ung'oe kichwa na silinda. Kabla ya kulegeza nati nne za kichwa, piga picha ya washa zake: moja ni ya shaba, iko kwenye njia ya oili, na ikirudishwa mahali pasipo pake oili itavuja. Wakati wa kurudisha kaza kwa mshazari kwa nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 9 hadi 12. Stadi (boliti ndefu zinazoshika nati hizo) ni za milimita 6 tu, na zikikatika ndani ya bloku utajuta.

Tenki limejaa kutu. Kokoto zinasaidia? (Morogoro)

Zinatoa magamba makubwa tu, pembeni hazifiki. Tumia ndimu ya unga, ile ya dukani: gramu 100 kwa kila lita ya maji ya moto. Tenki la C70 ni la lita tatu hivi, kwa hiyo gramu 300. Toa tenki kwenye pikipiki, ziba njia za mipira ya mafuta, jaza hadi mdomoni, uache saa 12 hadi 24. Usifunge kifuniko kikakaza, kwa sababu kuna gesi inayotoka. Mwaga, suuza kwa maji yenye vijiko viwili vya magadi soda ili kuua asidi, suuza tena, kisha kausha haraka kwa upepo wa moto. Chuma kilichosafishwa hushika kutu mpya ndani ya saa moja, kwa hiyo papo hapo zungushia ndani petroli yenye oili kidogo.

Tundu likijitokeza, kutu ndiyo iliyokuwa imeliziba. Tenki lililowahi kuwa na petroli lisichomelewe hata kama halinuki. Mpelekee fundi anayeziba matenki, ambaye hulijaza maji na kuacha nafasi ndogo tu panapochomelewa.

Na usisahau kwamba koki ya C70 iko kwenye kabureta yenyewe. Safisha na kikombe cha chujio hapo chini, la sivyo uchafu wa tenki la zamani utaziba jeti (tundu dogo la mafuta ndani ya kabureta) siku ya kwanza.

Plagi haitoi cheche. Nimebadilisha plagi na koili bila mafanikio. (Kisumu)

Hapa fedha nyingi hupotea bure. Kwenye C70 ya volti 6 pointi (vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche) ziko nyuma ya magneti, na pikipiki iliyokaa sana hupata utando kwenye nyuso za pointi ambao macho hayauoni. Anza na vitu visivyo na gharama.

Kwanza chomoa waya wa kuzima, ule unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Swichi iliyooza ndani huupeleka umeme wote kwenye bodi. Cheche ikirudi, swichi ndiyo mbaya. Isiporudi, zungusha magneti hadi pointi zionekane kwenye dirisha lake, pitisha msasa laini sana, kisha karatasi safi iliyoloweshwa spiriti. Karatasi ni ya lazima, kwa kuwa chembe za msasa zikibaki huzuia umeme kama utando ulivyozuia.

Halafu pima mwanya kwa fila geji: milimita 0.3 hadi 0.4 pointi zikiwa wazi kabisa. Kisha taimingi, yaani wakati cheche inapotoka. Bana kipande cha karatasi ya sigara katikati ya pointi, zungusha magneti taratibu kuelekea injini inakozunguka, na karatasi inapaswa kuachia pale tu alama ya F iliyo kwenye magneti inapolingana na alama ya bodi. Ikiachia mapema, mwanya ni mkubwa. Ikichelewa, ni mdogo.

Pointi zikitoa miale mikubwa ya njano na kuungua upesi, kondensa (kifaa kidogo kinachozuia cheche kwenye pointi) imekufa. Koili huwa ya mwisho kulaumiwa.

Inatoa moshi wa buluu. Ni ringi? (Unguja)

Tazama moshi unatoka lini. Ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukaisha, oili inapita kwenye gaidi za valvu (mirija ambamo valvu hupanda na kushuka). Ukiongezeka unapovuta mafuta mlimani, ni ringi au silinda. Ingiza ringi mpya ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ili ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake. Ukizidi milimita 0.5, silinda imelika. Ringi peke yake hazitasaidia. Pistoni kubwa kuliko ya kiwandani hupatikana, zilizozidi kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Nunua pistoni kwanza, ndipo silinda ichongwe kuifuata hiyo pistoni.

Gia zinaingia kwa kishindo. (Nakuru)

Rekebisha klachi upande wa kulia. Legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu ya katikati kulia mzunguko mmoja, irudishe kushoto hadi uhisi kizuizi kidogo, kisha kulia tena moja ya nane ya mzunguko. Shikilia skrubu, kaza nati. Na kama umeweka oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano, imwage. Klachi hii inaogelea humo humo kwenye oili na itateleza. Tafuta 10W-30 au 10W-40 yenye alama ya JASO MA (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki). Unapopima oili, kijiti cha kupimia hukalishwa tu kwenye tundu lake, hakikazwi.

Nipake rangi gani? (Moshi)

Yoyote, lakini iwe ya mwisho kabisa. Osha kwanza kwa maji ya sabuni, uone rangi ya kiwandani imebaki kiasi gani. Mikwaruzo yake ni bora kuliko rangi mpya juu ya pati nene, na ukishaiondoa hairudi. Namba ya fremu isifunikwe kwa rangi nene wala isiguswe na msasa wa mashine: ndiyo inayolinganishwa na kadi ya usajili, na ikifutika hutakuwa na namna ya kuthibitisha kwamba pikipiki ni yako.