Muda wa kusubiri ukiisha, usiseme malipo yameshindikana

Mteja yuko kwenye daladala la Kariakoo, amebonyeza "Lipa". Simu inamwomba namba ya siri, na seva yako imeweka taima ya sekunde 30 kusubiri jibu la mtandao wa malipo. Namba anaiweka sekunde ya 34. Pesa inakatwa, lakini wewe ulishamwandikia "Malipo yameshindikana, jaribu tena." Anajaribu tena, anakatwa mara mbili.

Kuongeza sekunde hakutibu hili. Weka 90, na bado atakuwepo wa sekunde ya 91. Taima ikiisha inakuambia jambo moja tu: muda wako wa kusubiri umekwisha. Upande wa pili umefanya nini, haijui. Kwa hiyo usiishie kwenye "umefaulu" na "umekataliwa". Muamala uwe pia na hali ya "haujulikani". Hiyo ndiyo taima iandike, tena pale tu hali ikiwa bado "unasubiri", isije ikafuta jibu lililoitangulia kidogo. Mteja asome "Tunahakiki malipo yako". Jibu la kuchelewa liruhusiwe kuibadili "haujulikani" kuwa "umefaulu".

Kisha uliza hali ya muamala kwa namba yake ya kumbukumbu: baada ya sekunde 5, halafu 10, 20, 40. Kila mara ongeza sekunde moja au mbili za kubahatisha, la sivyo mtandao ukirudi baada ya kukatika, maombi yote yataugonga kwa mpigo. Namba hiyo itengenezwe na kuhifadhiwa kwenye hifadhidata kabla ombi la kwanza halijatoka, ili mteja akibonyeza tena arudishwe kwenye muamala uleule.

Usiulize kwa setInterval, amri ya JavaScript inayorudia kazi kila baada ya muda uliopangwa. Ukiiweka sekunde 5 na jibu likachukua 8, maombi yatapandana. Tumia setTimeout, inayosubiri muda uishe na kuendesha kazi mara moja tu, na uiweke upya baada ya jibu kufika.

Jibu likifika, futa taima ile ya sekunde 30 kwa clearTimeout ndani ya finally, sehemu ya msimbo inayotekelezwa kazi ikifaulu au ikishindwa. Wengi hudhani Promise.race, inayoshindanisha jibu na taima na kuchukua kinachotangulia, inaifuta, haifuti. Taima inabaki hai kwenye kumbukumbu mpaka muda wake uishe, na Node.js, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva, haitajizima kabla ya hapo.

Kumbuka pia kwamba JavaScript yako inashughulikia jambo moja kwa wakati mmoja. Ripoti nzito ikiishikilia kwa sekunde 3, taima zote zinachelewa, na jibu lililokwishafika linaweza kukaa foleni huku muda ukihesabiwa umepita. Kazi kama hiyo ihamishie kwenye mchakato mwingine.

Kwa muda mrefu, kama bili ya siku 30, setTimeout haifai kabisa. Ukomo wake ni milisekunde 2147483647, yaani siku 24.8 hivi, ukizidisha, Node.js inaufanya muda wako milisekunde 1 na bili inatoka papo hapo. Andika tarehe ya kutekeleza kwenye hifadhidata, uikague kila dakika.

Na taima zote hupotea seva ikizimwa. Kila inapowaka, kazi yake ya kwanza iwe kuokota miamala yote iliyobaki "unasubiri" kwa zaidi ya sekunde 30, pamoja na ile "haujulikani", na kuiulizia upya.