Barua kwa mwanangu aliyeko Manama, Bahrain: timu iliyosafiri bila taifa lake

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imenifikia, nami nimemsomea mamako yote uliyoandika, pamoja na salamu za vijana mnaokaa nao. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, Mbahraini mnayefanya naye kazi amekuhadithia kwamba mwaka 2010 nchi yake ilicheza na Togo, kumbe waliokuwa uwanjani hawakuwa timu ya Togo, nawe wataka kujua kama ni kweli na kama jambo kama hilo laweza kutufika sisi Wakenya. La pili, chama chenu cha Wakenya mlioko huko kinataka kualika timu ya vijana kutoka Pwani, na wewe umetiwa katika kamati ya maandalizi. Nitayajibu pamoja, kwa kuwa la pili halijibiki vizuri bila kulielewa la kwanza.

Mwenzako hakukudanganya. Tarehe 7 Septemba 2010, katika Uwanja wa Taifa wa Bahrain kule Riffa, timu ya Bahrain ilicheza mechi ya kirafiki na kikosi kilichovaa jezi za Togo na kuimbiwa wimbo wa taifa kama desturi ilivyo, ikashinda mabao 3-0. Kocha wa Bahrain wakati huo, Josef Hickersberger kutoka Austria, alilalamika baada ya mechi kwamba wageni hawakuwa na pumzi ya kucheza dakika 90 na kwamba mchezo wenyewe haukumfaidi kitu. Alikuwa ameona kwa macho yake dalili ya ugonjwa ambao wengine hawakuwa wameutambua. Siku chache baadaye shirikisho la soka la Togo, ambalo wakati ule lilikuwa likiongozwa na kamati ya muda chini ya Seyi Memene, lilitangaza kwamba halikutuma timu yoyote Bahrain na kwamba wachezaji wale walikuwa bandia kabisa. Wabahraini nao wakaeleza kwamba mipango yote ilipitia kwa wakala na kwamba karatasi walizoletewa zilionekana halali. Uchunguzi ulimwangukia Tchanile Bana, aliyewahi kuwa kocha wa Togo, ambaye alikuwa tayari ameadhibiwa kwa kupeleka kikosi kingine Misri bila idhini mwezi Julai mwaka huo huo. Safari hii akafungiwa miaka 3.

Nakuomba usome tena sentensi hizo mbili za mwisho polepole. Mtu aliyekwisha kupigwa marufuku kwa kosa la namna hiyo aliweza, baada ya miezi miwili tu, kukusanya vijana, kuwapatia pasipoti na tikiti, kuwavusha bahari na kuwaingiza katika uwanja wa taifa wa nchi nyingine. Hili haliwezekani kwa ujanja wa mtu mmoja. Linawezekana pale ambapo ofisi ya nyumbani imelala, mwenyeji haulizi, na kati yao amesimama mtu wa tatu mwenye fedha. Wakala aliyehusishwa na mechi ile ni Wilson Raj Perumal wa Singapore, mpangaji wa matokeo ambaye alikamatwa Finland mwezi Februari 2011 na kuhukumiwa huko kifungo cha miaka 2 kwa kuhonga wachezaji wa ligi ya nchi hiyo. Watu wa aina yake hawana haja na mpira. Wanataka mechi yenye hadhi ya kimataifa ili kamari ichezwe juu yake, na wepesi wa kuipata ni kwenda kwa shirikisho maskini, kulilipia tikiti na hoteli, kisha kuichukua timu kama mtu anavyokodi gari.

Ndiyo maana nasema kwamba anayelipa nauli ya timu ya taifa ndiye mwenye timu, hata kama bendera iliyoshonwa kifuani ni ya wengine. Waangalie Wazimbabwe. Kati ya mwaka 2007 na 2009 timu yao ilizungushwa nchi za Asia kwa mechi ambazo baadaye chama chao cha soka kiligundua kuwa matokeo yake yalipangwa, na kashfa hiyo ikaitwa Asiagate. Mwaka 2009 klabu ya Monomotapa ilikwenda Malaysia ikachezeshwa kama timu ya taifa. Tofauti yake na Togo ni kubwa na inatisha zaidi: Togo walighushiwa na mtu wa nje ya ofisi, lakini kwa Wazimbabwe waliotuhumiwa walikuwa ndani ya nyumba. Mwaka 2012 wachezaji na maofisa wengi walifungiwa. Mimi husikitika hasa kwa wachezaji. Simwondolei lawama aliyepokea fedha ili timu yake ishindwe, kwa sababu alijua anachokifanya. Lakini kijana aliyeitwa na viongozi wake mwenyewe, akapelekwa mbali na kwao bila posho, bila tikiti ya kurudia mkononi, kisha akaambiwa ndani ya hoteli matokeo yanayotakiwa, alikuwa na nafasi gani ya kukataa? Kabla ya kumhukumu yeye, aulizwe kwanza aliyetia sahihi ruhusa ya safari.

Sasa nije kwetu. Sijapata kusikia Kenya ikighushiwa kama Togo, lakini tumekuwa na safari za aibu, na ile ninayoikumbuka zaidi ni ya Novemba 2015. Harambee Stars walikuwa wameishinda Cape Verde 1-0 Nairobi katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2018, goli likafungwa na Michael Olunga. Walihitaji kwenda kulinda goli hilo Praia, visiwani, katika Bahari ya Atlantiki, karibu kilomita 7,000 kutoka Nairobi, ambako saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa 4. Badala ya kuondoka mapema wakapumzika na kuzoea hali ya hewa, walikwama katika Uwanja wa Ndege wa Wilson kwa mizozo ya posho na ya mipango ya safari yenyewe. Wakafika Praia siku ile ile ya mechi. Wakafungwa 2-0, na safari ya Kombe la Dunia ikaishia hapo.

Nakumbuka mabishano ya barazani kwetu siku zile. Wengi waliwalaumu wachezaji, wakasema mzalendo hadai posho mlangoni mwa ndege. Mimi sikukubali wakati ule na sikubali leo. Mchezaji hudai mlangoni mwa ndege kwa sababu anajua kwamba hapo ndipo mahali pa mwisho ambapo mkubwa atamsikiliza. Akishapanda, hana tena la kusema, na akirudi ameshindwa, hakuna atakayempokea simu. Haki yake ingekuwa imeandikwa na kulipwa wiki mbili kabla, asingekuwa na sababu ya kusimama pale na begi lake. Mwaka 2014 Wakameruni walikataa kupanda ndege ya kwenda Brazil kwa sababu ya marupurupu, na serikali ya Ghana ikalazimika kupeleka dola milioni 3 taslimu kwa ndege ili wachezaji wake watulie. Ukiona nchi tatu zinaugua maradhi yale yale ndani ya muda mfupi, usiutafute uzalendo wa wachezaji. Tafuta tarehe ambayo fedha zilitolewa.

Na usidhani madhara yake ni mabao tu. Mwezi Aprili 1993 timu ya Zambia ilikuwa ikienda Senegal kwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, ikisafirishwa na ndege ya jeshi iliyolazimika kutua njiani mara kwa mara kujaza mafuta. Ilianguka baharini karibu na Libreville, wakafa watu wote 30 waliokuwamo, wakiwemo wachezaji 18. Mwezi Januari 2010 Togo hao hao walipelekwa kwa basi hadi Cabinda, Angola, kwa Kombe la Afrika, ilhali waandaaji walitarajia timu zifike kwa ndege. Basi likamiminiwa risasi na watu wa msafara wakauawa. Innaa lillahi. Mtu anayeamua timu ipite njia gani na ipande chombo gani amebeba roho za watoto wa wenzake, na ninapowaza wewe umo katika kamati, hilo ndilo linaloniondolea usingizi.

Lakini tukijipanga tunaweza. Mwaka 2019, kabla ya Kombe la Afrika nchini Misri, vijana wetu walipiga kambi Marcoussis, karibu na Paris, wakapata mechi mbili za maana: waliifunga Madagascar 1-0 na kutoka sare ya 1-1 na Kongo ya Kinshasa mjini Madrid. Hawakuwa kikosi cha kutisha, na Algeria na Senegal ziliwafunga, lakini walipokutana na Tanzania walitanguliwa mara mbili na bado wakashinda 3-2. Miguu ilikuwa na nguvu mpaka mwisho.

Kuhusu kamati yenu, nitakueleza kitu nilichokiona mwenyewe. Wajua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa katibu wa klabu yetu ya Majengo. Siku moja alitujia mtu aliyevaa vizuri na kuongea kwa adabu, akiwa na barua ya mwaliko wa mashindano katika nchi mojawapo ya Ghuba. Ilikuwa barua nzuri kuitazama, yenye nembo ya rangi na sahihi ya wino wa buluu. Niliishika karibu na dirisha nikaisoma mstari kwa mstari. Haikuwa na tarehe ya mechi hata moja. Haikutaja timu nyingine itakayoshiriki. Haikupitia shirikisho la nchi ya mwenyeji wala letu, na anwani pekee iliyokuwamo ni namba ya simu ya mkononi. Alichokitaka haraka ni pasipoti za vijana 18, akasema tikiti ya kurudi itakatwa huko huko. Nilimwomba alete barua ya shirikisho, tukaagana kwa heshima, na hakurudi tena. Mpaka leo sijui kama alitaka timu ya kuchezea kamari au vijana wa kuwapeleka kazini bila mkataba, lakini wewe unayeishi huko unajua vizuri kuliko mimi ni Wakenya wangapi waliokwama Ghuba kwa sababu pasipoti yao ilikuwa kabatini kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo mwaliko wenu usianzie kwa klabu wala kwa kocha mnayemjua. Uanzie kwa shirikisho la soka la Bahrain, mpate idhini yao kwa maandishi. Wao waandikie shirikisho la Kenya, na la Kenya liijulishe ofisi ya tawi hapa Mombasa. Najua hilo litachukua muda na kwamba wenzako wataona ni urasimu, lakini hatua hiyo ndiyo iliyorukwa mwaka 2010, kwa maana mtu mmoja pale Manama angepiga simu moja tu Lomé, mji mkuu wa Togo, kwa namba ya ofisi na si ya wakala, mechi ile isingechezwa. Kama atajitokeza mfadhili, mshukuruni, lakini fedha zipitie akaunti ya chama na risiti zitolewe. Asishike yeye tikiti wala orodha ya wachezaji. Tikiti za kwenda na kurudi zikatwe kwa pamoja kabla viza hazijaombwa. Kila mchezaji abaki na pasipoti yake mwenyewe, na nakala ziwe kwa kiongozi wa msafara na kwa katibu aliyebaki Mombasa. Posho iandikwe kiasi chake, nusu ilipwe kabla ya kuondoka na nusu siku ya kufika. Wazazi wa walio chini ya miaka 18 watie sahihi mbele ya wakili au kadhi, si kwenye kipande cha karatasi uwanjani.

Jambo jingine dogo lakini msilisahau: msiwachezeshe siku wanayotua. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Moi hapa Mombasa hadi Manama watabadilisha ndege, watafika usiku na miguu imevimba, na joto la huko wakati wa kiangazi si hili letu lenye upepo wa bahari. Wapeni siku mbili, na ikiwezekana mashindano yawe Desemba au Januari.

Wakikuambia kwamba ukisisitiza haya yote mwaliko hautafaulu mwaka huu, waambie uwe mwakani. Andika kwanza ile barua ya shirikisho la Bahrain, unitumie nakala kabla ya kuipeleka, nami nitaisoma na kukurudishia pamoja na jina la ofisa wa tawi anayepaswa kuipokea upande huu. Mamako anasema ule vizuri na usifanye kazi ya zamu mbili mfululizo.

Wasalaam,
Babako