Kabla ya Kununua Upanga wa Kijapani, Vua Mpini

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyeko Muscat aliniandikia akiniomba, kwa heshima zote, nimtazamie upanga wa afisa wa jeshi la Japani wa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambao anataka kuununua kwa mtu aliyemhakikishia kwamba umetoka Burma. Niliposoma jina hilo moyo ulinilipuka, kwa kuwa ndilo lililowahi kunitoa pauni 640.

Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa kikosi cha Waingereza cha King's African Rifles. Mwaka 1944 alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akalipita bonde la Kabaw kwenye mvua na matope hadi mto Chindwin, kisha akarudi Tanga na blanketi moja na homa isiyokwisha. Sisi wajukuu tulikua tukisimuliwa panga za maafisa wa Kijapani kama wenzetu walivyosimuliwa Abunuwasi. Kwa hiyo, siku niliyokuwa kwenye mnada wa vitu vya kale hapa Uingereza, muuzaji aliponinong'oneza kwamba upanga ule ulitwaliwa na afisa Mwingereza aliyeongoza askari wa Kiafrika huko Burma, sikuuliza la pili. Jioni ile ile nilimpigia mama simu, naye akalia.

Ilinichukua miezi minne kuthubutu kuuvua mpini, juu ya meza ya jikoni. Upanga wa Kijapani hushikiliwa na kijiti cha mwanzi kinachopenya tundu la mpini na tundu la msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Ukikisukuma taratibu kinatoka, na chuma kinachomoka chenyewe. Wangu ulikuwa na msumari. Nilipoutoa, nikaukuta msuka una kutu nyekundu ya juzi, inayobaki vidoleni kama pilipili ya kusaga, na chini yake mikwaruzo ya mashine ya kunolea. Kutu ya kweli ya miaka mingi ni ya kahawia inayoelekea weusi, laini, na haibanduki. Juu ya msuka halisi utaona mistari ya tupa iliyopangwa kwa utaratibu, mara nyingi jina la mfuaji lililochongwa kwa patasi, na pengine tarehe upande wa pili: ukisoma Showa 17, yaani mwaka wa 17 wa enzi ya Kijapani ya Showa, jumlisha 1925, unapata 1942. Ukikuta mhuri mdogo wa Showa, au wa Seki, ule mji wa wafua panga mkoani Gifu, usidhani umetapeliwa. Huo kwa kawaida ni upanga halisi wa vita, ila haukufuliwa kwa njia ya jadi, na bei yake isiwe ya jadi.

Kilichoniumiza zaidi ni ngozi ya taa. Chini ya kamba za mpini wa afisa huwa kuna ngozi ya samaki huyo, nami nimezaliwa pwani, mkia wa taa naujua tangu utotoni. Vijipele vyake havilingani hata kidogo. Vya upanga wangu vilikuwa vya plastiki, vyote saizi moja, na nilivishika siku ya kununua kwa mikono yangu miwili.

Kuna na ule ukungu wa kandokando ya makali, ambao kwenye upanga wa jadi hutokana na udongo uliopakwa kabla chuma cha moto hakijazamishwa majini. Ugeuze polepole chini ya balbu moja: ukungu wa kweli una kina na huchezacheza na mwanga, lakini mstari uliochorwa kwa tindikali ni mweupe, umelala tu.

Mwaka 2019 nililipiza. Nilipata upanga wa sajini wa modeli ya 1935, mpini wake wa aluminiamu umepakwa rangi ili ufanane na uliosukwa kamba, na namba iliyogongwa kwenye chuma ikawa ile ile ya kwenye ala. Watu watatu waliupita wakiudharau kwa sababu ni wa kiwandani. Nasema bila haya: jicho lilikuwa langu.

Ndugu zangu, tusinunue marehemu wetu kwa wauzaji. Afisa wa Kijapani aliweza kuvisha chuma cha babu zake, cha karne kadhaa, mapambo ya kijeshi ya mwaka 1938, kwa hiyo ala na maua ya cheri ya mapambo hayo hayatoshi kukueleza lolote. Fungua, tazama msuka, na ukishautazama usiusugue, maana kutu ile ndiyo shahidi wako.

Nimemjibu kijana wa Muscat nikimwomba picha ya msuka. Amenitumia picha 11: ala, kamba, ua la cheri, hata cheti kilichochapwa juzi. Msuka haumo. Muuzaji amemwambia kwamba mpini wa upanga huo haufunguki.