Barua kwa mwanangu: aliyekuonya ni mchanga kuliko wewe

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Umeniuliza: "Mama, kijana aliyeokoka juzi tu amenisema mbele ya kikundi kizima cha maombi kwamba nawakatiza watu maneno na nawadharau. Je, lazima nipokee onyo la mtu kama huyo, tena kwa namna ile?"

Nianze na hiyo namna, maana naona ndiyo iliyokuuma zaidi. Hapo nakubaliana nawe. Bwana aliagiza katika Mathayo 18:15 kwamba ndugu akikosa umwendee mkiwa wawili tu. Prisila na Akila walipomsikia Apolo akifundisha kwa bidii huku akiujua ubatizo wa Yohana peke yake, hawakumsahihisha palepale sinagogini. Walimchukua kwao, wakamweleza. Kijana wako hajayajua hayo bado. Lakini namna aliyotumia ataijibia yeye kwa Mungu. Wewe umebaki na jambo moja la kupima: je, alichosema ni kweli?

Uchanga wake wa imani haubadilishi jibu. Petro alitembea na Yesu wakati Paulo hajaamini, na baadaye Paulo akalitesa kanisa. Hata hivyo, kule Antiokia, Petro alipoacha kula na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, kwa kuogopa Wayahudi waliotahiriwa, Paulo alimkemea mbele ya wote (Wagalatia 2). Hatujaandikiwa Petro alijibu nini. Tunachojua ni kwamba waraka wake wa pili unamwita Paulo "ndugu yetu mpenzi" na kuzitaja nyaraka zake kwa heshima. Mstari huo hunigusa kila niusomapo.

Anayenitisha ni Asa, mfalme wa Yuda. Alivunja sanamu, akamwondolea hata Maaka, mama yake, cheo cha umalkia kwa sababu ya ibada ya sanamu. Jeshi kubwa la Wakushi lilipomjia, alimlilia Mungu, akashinda. Katika mwaka wa 36 wa kutawala kwake akatishwa na Israeli, na safari hii akachukua fedha na dhahabu ya hekalu kumnunua mfalme wa Shamu awe upande wake. Hanani mwonaji akamwambia amefanya upumbavu. Asa alikasirika, akamtia gerezani. Huyo ni mtu aliyeweza kumwonya mzazi wake, asiweze kuonywa yeye! Miaka 3 baadaye miguu yake iliugua sana, na Maandiko yanasema hata hapo hakumtafuta Bwana. Miaka mingi ya uaminifu haikumkinga, na kwa kweli naona ndiyo iliyomfanya ajione haambiliki.

Sisemi umeze kila neno. Kuhani Eli alimdhania Hana kuwa mlevi, naye hakunyamaza wala hakutukana. Alimweleza kwa heshima kwamba ana huzuni na anamwomba Mungu. Eli akambariki. Kwa hiyo ukipima ukaona umesingiziwa, sema hivyo kwa upole.

Ila kwa kuwa umeniuliza mimi, mama yako, sitakuficha: nadhani kijana amesema kweli. Kwamba unawadharau watu, siamini. Kwamba unawakatiza, naam. Hata nyumbani wadogo zako hawamalizi kueleza jambo bila wewe kulidaka na kulieleza upya. Unafanya hivyo kwa sababu unaelewa haraka, na hicho ni kipawa. Lakini aliyekatizwa hajui hilo, anachojua ni kwamba hakusikilizwa.

Omba Zaburi 139:23 kabla hujafanya lolote: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Kisha mwendee kijana huyo, umwulize ni akina nani aliowaona wakiumia, na umwache aseme mpaka amalize. Usianze kujieleza. Hao atakaowataja waombe radhi palepale kikundini, kwa kuwa walikatizwa mbele ya watu. Nami nitakuwa nakuombea.

Akupendaye,
Mama