Usimruhusu fundi afute OpenLP kabla nyimbo hazijatoka kwenye hiyo kompyuta

Simamisha kila kitu, mkuu. Umesema mko Nachingwea, kompyuta ya kanisa ina Windows 7 na OpenLP 2.4, ile programu ya kuonesha maneno ya nyimbo ukutani wakati wa ibada, na fundi kakuahidi atafomati, atapiga Windows mpya, ataweka OpenLP 3 na nyimbo "zitarudi zenyewe". Hazirudi! Maneno hayohayo tuliambiwa sisi hapa Mtwara, na aliyetuambia alichukua hela yetu yote taslimu.

Alituhakikishia kwamba nyimbo ziko ndani ya programu, ukiiweka upya unazikuta. Uongo mtupu. Nyimbo zinakaa kwenye faili linaloitwa songs.sqlite, na kwenye Windows faili hilo limo ndani ya folda ya AppData, halafu Roaming, openlp, data, songs. Na AppData imefichwa: huioni mpaka uiambie Windows ioneshe vilivyofichwa. Yule bwana alinakili vya Desktop na Documents, akaona kamaliza, akafomati. Tukarudishiwa mashine inawaka haraka ajabu, na orodha ya nyimbo nyeupe pee.

Tenzi za kitabuni sizililii, kitabu kipo na vijana wanachapa. Kinachoniuma hadi leo ni nyimbo za kwaya yetu wenyewe, za Kimakonde na Kimwera, zilizotungwa na walimu ambao wengine wamehamia Masasi na Dar, na mmoja Bwana amemchukua. Hazikuwahi kuandikwa mahali pengine. Mama mmoja wa sauti ya pili ndiye aliyekuwa akizichapa jioni baada ya mazoezi, anasimama kila mstari kuuliza wazee neno linatamkwaje. Kisha kwenye kisanduku cha mpangilio wa beti anaweka V1 C V2 C C (V ni ubeti, C ni kibwagizo), kwa sababu anajua baada ya ubeti wa pili mwalimu lazima arudie kibwagizo. Kazi ya miaka ile ikaenda mchana mmoja. Tulipomfuata fundi akatujibu, "Si mzitafute YouTube." Nyimbo za Kimwera za kwaya ya mtaani, YouTube! Mtu asiyeuliza nyimbo za watu ziko wapi hana haki ya kugusa kitufe cha kufomati.

Kilichotuokoa kidogo ni faili za ibada, zile zinazoishia na .osz. Kijana mmoja alikuwa na mazoea ya kuzihifadhi kwenye flashi yake. Faili la ibada hubeba maneno ya nyimbo zilizopangwa siku hiyo, na kwenye mipangilio ya nyimbo kuna sehemu ya kuruhusu OpenLP iingize zile zinazokosekana kila unapofungua ibada. Tukafungua moja moja. Za Pasaka na za mavuno zikarudi. Ambazo hazikupangwa kwenye ibada yoyote iliyohifadhiwa ndiyo basi tena. Kwa hiyo hata wewe, faili zote za .osz mlizonazo zikusanye leo.

Sasa shika hili, mengine yatasubiri: nyimbo zitoke nje ya hiyo kompyuta, na uzione kwa macho yako zikifunguka kwenye kompyuta nyingine, ndipo fundi aguse. Funga OpenLP, nakili folda yote ya data, ile iliyo ndani ya openlp, kwenye flashi. Kisha fungua OpenLP tena, nenda File, Export, Songs, chagua zote. Zitatoka kwa mtindo wa OpenLyrics, kila wimbo na faili lake la maandishi, ambalo hata Notepad inalisoma.

Fanya yote mawili. Toleo jipya likishafungua songs.sqlite hulibadilisha, na 2.4 haitalikubali tena, kwa hiyo la kwenye flashi liache kama lilivyo na ufanyie kazi nakala yake. Na usitulie kwa sababu OpenLP yenyewe huuliza kama uhifadhi data ya zamani wakati wa kupanda toleo. Kubali, lakini nakala hiyo inabaki kwenye diski ileile, na fundi akifomati inaondoka nayo.

Kabla hujampa kompyuta, hesabu nyimbo zilizofunguka kwenye ile nyingine, uandike idadi kwenye karatasi, naye aione. Asipotaka kusubiri hesabu, tafuta fundi mwingine.