Usajili wa Mpira wa Kimarekani Vyuoni: Ramani Isikudanganye

Wadogo zangu mnaoanza kujifunza kazi ya usajili kwenye timu za vyuo Marekani, kuna swali mtakaloulizwa mapema kabisa: je, timu inayosajili vijana wa ukanda wake ndiyo inayofanikiwa? Makocha wengi hujibu ndiyo bila hata kufikiri. Ninyi msikubali upesi, wala msikatae upesi. Eneo lina uzito mkubwa kwenye kazi hii, ila wengi wanautafuta uzito huo mahali ambapo haupo.

Tuanze na vipaji viliko. Texas, Florida, California na Georgia ndiyo majimbo yanayotoa wachezaji wengi wa kiwango cha juu. Kama kuzaliwa karibu na vipaji kungetosha, vikombe vingelala huko kila mwaka. Lakini chuo cha mwisho cha Texas kutwaa ubingwa wa taifa ni University of Texas, msimu wa 2005. California ni USC (University of Southern California), msimu wa 2004, na ubingwa huo ulikuja kufutwa. TCU, chuo cha Fort Worth, Texas, ilifika fainali Januari 2023, ikachapwa na Georgia 65–7. Kwa upande mwingine, jimbo la Alabama lenye watu takriban milioni 5 lilibeba mataji saba kati ya msimu wa 2009 na wa 2020: sita ya University of Alabama chini ya kocha Nick Saban, na moja la jirani zao Auburn, 2010.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani basi Alabama kuna vijana wa ajabu. Wapo, tena wazuri. Ila tazama makwotabeki wakuu wa Alabama, yaani wachezaji wanaoongoza mashambulizi na kurusha mpira, kuanzia 2016 mpaka 2022. Jalen Hurts alitoka Channelview, karibu na Houston. Tua Tagovailoa alitoka Hawaii. Mac Jones ni wa Jacksonville, Florida. Bryce Young ni wa California. Wanne mfululizo, na hakuna hata mmoja wa jimboni. Saban alilinda nyumbani kwake, kisha akaenda kuchukua kilicho bora popote kilipokuwa. Uwezo huo wa kwenda mbali unatokana na jina la chuo, pesa, na idadi ya wachezaji wake waliofika NFL, ligi ya kulipwa. Ramani haiuonyeshi.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye ripoti za wanaoanza ni kuhesabu kwa mipaka ya majimbo. Clemson ipo South Carolina. Ilichukua ubingwa wa msimu wa 2016 ikiwa na Deshaun Watson, na wa 2018 ikiwa na Trevor Lawrence. Wote wawili ni vijana wa Georgia, kwa hiyo jedwali lako litawaandika kuwa wa nje. Lakini kutoka Gainesville, alikokulia Watson, mpaka Clemson ni chini ya saa mbili kwa gari. Mzazi anaondoka asubuhi, anatazama mechi, usiku yuko kitandani kwake. Huyo ni mtu wa nyumbani, hata kama ana leseni ya jimbo jingine. Pimeni kwa saa za barabarani, na hapo ndipo ukanda utaanza kuwaeleza kitu.

Sasa, eneo linasaidia wapi hasa? Kwa maoni yangu, linasaidia kumjua mtu. LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, msimu wa 2019 ilishinda mechi zote 15 na kuifunga Clemson 42–25 kwenye fainali. Kwotabeki wake, Joe Burrow, alikulia Ohio na alihamia akitokea Ohio State. Huyo kila mtu anamkumbuka. Mimi nataka mumtazame mpokeaji wake wa pasi, Justin Jefferson, kijana wa St. Rose, Louisiana. Wapanga viwango vya vijana mtandaoni, wanaowapa nyota hadi tano, walimpa nyota chache, na vyuo vikubwa havikumgombania. LSU walikuwa wanaijua familia ile: kaka zake wawili, Jordan na Rickey, walishachezea chuo hichohicho. Mwaka 2020 Jefferson alichaguliwa raundi ya kwanza timu za NFL zilipogawana wachezaji wapya. Skauti wa Oregon asingemwona kwa urahisi hivyo. Anayeishi karibu anamwona kijana akicheza mpira wa kikapu, akikimbia riadha, anazungumza na mwalimu wake, anajua kama bado anakua. Video ya dakika tano haikupi hayo. Nyota za mtandaoni zinasaidia, tena sana, kwa sababu mabingwa karibu wote wa miaka ya karibuni walikuwa wamesheheni wachezaji wa nyota nne na tano. Faida ya jirani iko kwa wale walioachwa nje ya orodha.

Jambo la pili ni miili. Vijana wenye kilo 135 na zaidi wanaoweza pia kukimbia ni wachache sana, na majimbo ya Kusini yanatoa wengi wao. Timu ya Kaskazini inaweza kupata mpokeaji mmoja hodari kutoka Florida, kama Ohio State ilivyompata Jeremiah Smith. Kujaza safu nzima ya mbele ya ulinzi kutoka mbali, mwaka baada ya mwaka, ni kazi ngumu zaidi.

Halafu kuna mabadiliko ya 2021, yaliyoanza kuwaruhusu wachezaji kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Chuo cha Indiana hakikuwa na historia ya ubingwa wa taifa wala ukanda wa kujivunia. Kocha Curt Cignetti alipofika akitokea chuo cha James Madison, alikuja na kundi la wachezaji wake. Msimu wa 2025 wakawa mabingwa wa taifa kwa kukifunga chuo cha Miami 27–21, wakiongozwa na kwotabeki Fernando Mendoza, kijana wa jiji la Miami aliyepitia University of California kwanza. Ukimwandika Mendoza kwenye safu ya jimbo alikosomea sekondari, hutaelewa alivyofika Indiana.

Kwa hiyo mkipewa orodha ya wachezaji muichambue, kila jina lipeni taarifa tatu: saa za barabarani kutoka nyumbani, chuo alichotoka kama alihama, na nani kwenye timu yenu alimfahamu kabla ya viwango kutoka. Hiyo ya tatu haipo kwenye tovuti yoyote. Pigeni simu kwa kocha wa sekondari, na mpigieni mchana, maana jioni yuko uwanjani.